Miwani Kwenye Ukingo

"Nitembeze kama ulivyomtembeza yule mzee," Kupe alisema. "Njia ileile, maneno yaleyale. Ukiruka jiwe moja nitajua."

Asingejua. Ndiyo kwanza anakanyaga pale. Lakini mpelelezi asiyejua kudanganya kidogo bora akachome mkaa.

Mtembezaji aliinamisha kichwa. Wenzake walimwita Mbuzi, kwa vile alivyopanda majabali, na kwa hicho kidevu chenye ndevu chache zilizokaa upande kama bado hazijaamua. Kazi yake ilikuwa kumchukua mgeni mmoja, au mtu na mwenzake, akawazungusha kutwa nzima kwenye mawe ya ajabu huku akiwapigia hadithi. Kazi hiyo sasa ilikuwa inamtokea puani. Miezi kadhaa nyuma alitoka asubuhi na mteja, mzee mmoja fundi cherehani, jioni akarudi peke yake.

"Na huyu mama?" Mbuzi aliuliza.

"Ndiye mke wa fundi."

Mbuzi akavua kofia haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, sauti kavu kama kuni.

Kupe alikuwa amemkataza asije. Alimwambia huko ni kupanda na kushuka, jua kali, na mengine hayafai kuyaona. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake kiunoni, akasema, "Mwanangu, nimekaa nyumbani vya kutosha. Ama niambiwe nimlie, ama niambiwe nimsubiri. Vyote viwili kwa pamoja vimenishinda." Mtu akishasema hivyo unamfungulia mlango wa gari, huna la kuongeza.

Na muda haukuwepo. Mkuu wa kituo alikuwa amempigia simu wakiwa njiani. "Kupe, leo jioni nataka jibu. Miwani ya mzee ilikutwa ukingoni mwa ufa. Mzee hayupo. Aliyekuwa naye ni mtu mmoja tu. Unangoja nini, malaika ashuke akuandikie maelezo?"

"Nangoja nione, mkuu."

"Kaone. Ukirudi, rudi naye na pingu."

Kazini walimwita Kupe kwa sababu akikushika haachii mpaka achomwe moto. Lakini hata kupe huchagua pa kuuma.

Waliingia. Getini palikuwa na kibao kikubwa kimepakwa rangi upya: TAZAMA, USIGUSE. Baada ya kibao ndiyo mawe yenyewe yakaanza. Jamani, mawe! Mengine yamesimama kama uyoga, shina jembamba na kichwa kipana, unajiuliza linashikiliwa na nini. Mengine yametobolewa na upepo mpaka yamekuwa kama chujio. Kulikuwa na jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe dogo kama kiti, wala halina wasiwasi.

"Hawa wawili tunawaita Wakwe," Mbuzi alisema, akielekeza fimbo kwenye nguzo mbili zilizotazamana. "Wamesimama hivyo tangu dunia iumbwe. Kila mmoja anamwambia mwenzake kaa wewe kwanza."

Kupe akacheka. Mama hakucheka, ila pembe ya mdomo ilisogea.

"Yule pale ni Mlevi. Ameinama miaka yote, hajaanguka. Wageni wengine hunigombeza, ati nimsimamishe." Kisha, bila kupumzika, sauti ileile: "Sasa jiwe mbele, panda. Limefika magotini. Haya. Changarawe, inateleza, kanyaga bapa. Kuna kishimo kushoto."

"Mwanangu," mama alimkatiza, "macho ninayo."

Mbuzi akashtuka. "Samahani, mama. Mazoea."

Kupe alikuwa nyuma yao. Alimtazama Mbuzi miguu, kisha mikono. Penye mteremko, Mbuzi hakumvuta mama mkono kama watu wote wanavyowavuta wazee. Alitangulia nusu hatua, akamsogezea kiwiko, akangoja. Mama akabaki anakiangalia kile kiwiko kama amepewa kitu asichokiagiza.

"Nikifanyie nini?"

"Ah! Basi, mama. Tupite tu."

Wakafika kwenye ukuta wa jabali wenye mistari, mwekundu, mweupe, wa kijivu, umepanda na kushuka kama kitambaa kilichotupwa kitandani. Hapo Mbuzi akafanya jambo. Aliuegemeza mkono wa Kupe kwenye jiwe.

"Usitazame kwanza, afande. Shika. Huu mstari una chembechembe kama sukari, sivyo? Huo ni mwekundu. Sasa shuka. Hapa laini, kama sabuni iliyotumika. Huo mweupe. Na hapa chini pana ubaridi hata jua likiwaka, maana maji yanapita ndani."

Ilikuwa kweli yote. Kupe aliuacha mkono pale.

"Wageni wote unawashikisha?"

"Wote, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mwalimu mmoja uliyemtembeza mwaka juzi nimeongea naye. Anasema ulimfokea mbele ya mkewe kwa kuegemea huu ukuta. Ulimwambia jasho la mikono linaua rangi. Na kibao chenu pale getini kinasema hivyohivyo."

Mbuzi alifungua chupa akanywa maji, ingawa ilionekana hana kiu. "Mtu hubadilika, afande."

"Hubadilika. Lakini kuna kinachombadilisha."

Walikaa kivulini wapumzike. Mbuzi akajitenga kidogo, akajifanya anakaza kamba za viatu. Kupe akamsogelea mama.

"Mama, mzee alikuwa anaona vizuri?"

"Alikuwa na miwani yake."

"Na miwani, alikuwa anaona?"

Mama aliokota kijiwe, akakigeuzageuza. "Nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano. Nikasema ni uzee, nani hatungiwi uzi? Halafu akaanza kuniambia nimsomee gazeti. Ati sauti yangu inampumzisha. Mie mjinga nikafurahi." Akakitupa kijiwe. "Siku moja alimwaga chai pembeni ya kikombe. Akacheka, akasema meza nayo ina kiu."

"Hakukwambia kitu?"

"Yule? Alikuwa mwepesi wa kuongea mambo ya watu wote. Ya kwake alikuwa anayashonea ndani ya bitana."

Kupe akainuka, akajipangusa suruali. "Mbuzi! Twende kwenye ufa. Lakini safari hii mie nakwenda macho nimefumba."

"Afande, pale ni hatari!"

"Ndiyo maana nimekuajiri."

Akafumba. Akanyoosha mkono, kikaja kiwiko mahali pake, chapu, kama mlango uliopakwa mafuta. Mbuzi akaanza kusema. Hakuwa anachagua maneno tena, yalimtoka yenyewe. Panda. Bapa. Jiwe kulia limefika begani, inamisha bega. Sasa kushuka, vidole mbele. Simama. Pumua. Hapa pembamba, nifuate mgongo. Kupe alipita mahali ambapo baadaye, alipofumbua macho na kugeuka, aliona pana upana wa unyayo mmoja tu. Hakujikwaa hata mara moja.

Ufa ulikuwa mbele yao, mrefu, mweusi, kama nchi imepasuka kwa hasira. Ukitupa jiwe unasikia linagonga, linagonga, halafu husikii kitu. Kikosi cha uokoaji kilishuka humo kwa kamba kikarudi na vumbi tu. Upande wa pili wa jabali, chini bondeni, lilionekana paa la bati la nyumba moja.

Ghafla Mbuzi akapaza sauti. "MAMA, TARATIBU HAPO! AFANDE, MSHIKE MAMA MKONO!"

"Mbona unapiga kelele, sisi viziwi?" mama alisema.

"Upepo, mama."

Kupe alilamba kidole akakiinua juu. Hata jani halikutikisika.

"Miwani ilikutwa wapi?"

Mbuzi akaonyesha kwa fimbo. Bamba la jiwe, tambarare kama meza, hatua chache kutoka ukingoni.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa... ilikuwa pale tu."

"Nimeiona picha yake. Imekunjwa. Mkono mmoja juu ya mwenzake, vioo vimeelekea juu visikwaruzwe. Wenzangu walisema umempora, miwani ikaanguka. Mie nikajiuliza, miwani gani inayoanguka ikajikunja? Mtu huivua miwani akaikunja vile anapokwenda kulala. Au asipoihitaji tena."

Mama aliketi chini, palepale alipokuwa. Aliketi kama mzigo ulioteremshwa. "Basi aliruka," alisema. "Sema tu, mwanangu. Aliruka mwenyewe."

"Bado sijamaliza, mama." Kupe alimgeukia Mbuzi. "Wewe ulikuwa mtembezaji wa kawaida, unawafokea wanaogusa mawe. Sasa unawahesabia watu mawe na mashimo. Unatoa kiwiko. Unajua mstari upi una chembe na upi laini. Hayo hayafundishwi na mteja wa siku moja. Unatembea na kipofu, Mbuzi. Unatembea naye kila siku, mpaka umesahau kuwa sisi wengine tunaona. Nani?"

Mbuzi alichora mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Nani, Mbuzi? Leo jioni nimeambiwa nirudi nawe na pingu. Ninazo hapa mfukoni, zinanichoma paja. Unakwenda kufungwa kwa kumuua mtu, na mtu mwenyewe anakula ugali wako?"

Mbuzi akachuchumaa. Fimbo ikamponyoka. Alipoongea aliongea kwa kunong'ona, na hakumtazama Kupe, alimtazama mama.

"Nilimkuta amesimama pale, mama. Tulikuwa tumezunguka kutwa. Kila jiwe ananiuliza rangi yake, nikadhani ananijaribu. Nikageuka kufungua chupa. Nilipogeuka tena, ameivua miwani, anahesabu hatua kwa mguu. Nikamshika koti. Tukaanguka wote wawili." Akapitisha mkono usoni. "Akalia. Mie sijawahi kuona mtu mzima analia vile. Nikamwambia mzee, ukitaka kufa kafe, lakini kwanza njoo unywe chai kwangu, ni hapo tu chini. Nikadhani chai ikiisha na hasira itaisha."

"Ikaisha?"

"Akaniapisha. Nikimwambia mtu yeyote, na mama hasa, atarudi hapa usiku nikiwa nimelala. Njia anaijua sasa, nimemfundisha mwenyewe kwa ujinga wangu. Ningefanyaje, afande? Nikisema, nampoteza. Nisiposema, mnanifunga. Nikaona kufungwa kuna kutoka."

"Wenzangu walikuja kupekua nyumba yako!"

"Walikuja. Walikuwa wanatafuta saa na pochi ya marehemu. Marehemu mwenyewe alikuwa jikoni anachambua mchele kwa vidole. Wakampa shikamoo, na kwa vile hana miwani wakadhani ni babu yangu. Mmoja alimwomba maji."

Kupe aliangalia pembeni, kwa sababu hapo kucheka kungekuwa aibu, na kutocheka kulikuwa kazi ngumu.

Mama alikuwa amesimama tayari. Hakuna aliyemwona akinyanyuka. "Nyumba ndiyo ile ya bati?"

"Mama, nakuomba!" Mbuzi akamzuia njia. "Ukimtokea ghafla atakimbilia huku. Ataruka. Aliniapia!"

"Alinioa," mama alisema. "Kiapo changu kimetangulia. Nipishe."

Mbuzi alimtazama Kupe. Kupe alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilitaka aende yeye mbele, asimame mlangoni, ataje cheo chake. Akampisha mama.

Walishuka polepole. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibaraza, na kwenye kibaraza mzee ameketi juu ya kigoda. Alikuwa amenyolewa vizuri. Kitambaa kimemlalia mapajani, kidole gumba cha kushoto kinatangulia kutafuta njia, sindano inafuata. Aliposikia nyayo hakuinua kichwa.

"Mbuzi? Umeshawatoa?"

Mbuzi akafungua mdomo. Mama akamwekea kiganja kifuani, kumnyamazisha.

"Nilikusikia unapiga kelele," mzee aliendelea. "Umemwita mama. Alikuwa ni yeye?" Sindano ikasimama. "Nimejifungia ndani nisije nikaita. Nimejiziba masikio kama mtoto. Niambie basi. Anatembea vizuri? Lile goti halimsumbui?"

Jogoo wa jirani aliwika bila sababu.

"Amekonda?"

"Nimekonda," mama alisema.

Kitambaa kilianguka. Mzee akasimama, akarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Mikono ilitafuta mlango, ikakuta bati. Kupe alijiandaa kukimbia, akapima kwa macho umbali wa kwenda njia ya ufa. Lakini mama hakumkimbilia mzee. Alivuta kigoda alichokiacha mzee, akakaa yeye.

"Sasa umenipa kiti," alisema. "Nipe na sababu."

Mzee aliegemea ukuta. "Hospitali waliniambia ni presha ya macho. Haitibiki, nitapofuka. Nilikaa nalo hilo." Akageukia upande wa sauti ya mkewe. "Ulimuuguza mama yako miaka mingapi? Unamgeuza, unamwogesha, unamlisha. Nilikuwa nalala upande wangu nasikia mgongo wako unalia ukijinyoosha. Alipofariki, ulilala siku nzima, nikasema Mungu wangu, sasa huyu mwanamke apumzike. Halafu mie tena? Nianze mie?"

"Nani alikwambia nilichoka?"

"Niliona."

"Uliona! Wakati bado una macho ulikuwa unaona vibaya hivyo?" Sauti ilimpanda, kanga ikafunguka, akaifunga tena kwa hasira. "Uliniuliza? Mtu wa kuuliza wateja kola iwe pana au nyembamba, kifungo hiki au kile, mie mkeo ukashindwa kuniuliza swali moja? Nimelia mpaka majirani wamenichoka. Nimekaa kitandani naongea na mto. Halafu wewe uko huku, umenyolewa!"

"Mbuzi ndiye aliyeninyoa."

"Na huyo Mbuzi nitamalizana naye."

Mbuzi akajificha nyuma ya Kupe. Kupe akasogea pembeni ili asimfiche.

Mzee alinyoosha viganja vitupu. "Sitakuwa na kazi. Nitakuwa wa kushikwa mkono mpaka chooni."

"Hapa ulikuwa unashona nini?"

Mama aliinama akakiokota kitambaa. Lilikuwa gauni, bado mkono mmoja. Mshono ulikwenda sawa, ukayumba kidogo kiunoni, ukajirekebisha, ukaenda sawa tena. Alilinyanyua mbele yake, akalitazama mabegani, akalitazama kifuani. Hakuuliza ni la nani. Mwanamke aliyeshonewa nguo na mtu mmoja tangu ujana anajua kipimo chake.

"Kubwa," alisema.

"Nililikata kwa vile ninavyokukumbuka."

"Basi unakumbuka mtu aliyekuwa anakula vizuri."

"Naweza kulipunguza." Mzee alitoka ukutani, hatua moja, akasimama. "Lakini siwezi kupunguza bila kupima."

Mama aliweka gauni kwenye kigoda. Akasogea mpaka pumzi zao zikafikiana. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, maana nani angeyaona?

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukadhani nimekusamehe. Haya, pima."

Simu ya Kupe ililia mfukoni. Aliitoa haraka, akazunguka kona ya nyumba, Mbuzi akimfuata.

"Kupe! Jua linazama. Umemkamata?"

"Hakuna wa kumkamata, mkuu. Marehemu nimempata."

"Yuko wapi? Hali yake?"

Kupe alichungulia. Mzee alikuwa ameanza mabegani, shubiri moja, shubiri nyingine, midomo ikihesabu bila sauti. Alipofika pale ambapo mfupa wa bega umetokeza, mikono ikasimama, ikabaki palepale, na mama akaegemeza kichwa kifuani kwake.

"Yuko kazini, mkuu," Kupe alisema. "Nipigie kesho."